Mikono Miwili

Baba yangu hakuwahi kumpiga mtu bafuni. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wakisikia habari zake huniuliza kama hakuwa na hata chembe ya utu, nami huwajibu kwamba alikuwa nayo, ila aliiweka bafuni. Sebuleni alipiga. Jikoni alipiga. Chumbani kwao sikuwahi kuona, lakini ukuta ulikuwa mwembamba na sikio langu moja lilikuwa bado zima. Bafuni hakumgusa mtu, kwa kuwa huko ndiko alikotundika maua yake.

Yalikuwa okidi. Si zile kubwa zinazopambia mapokezi ya hoteli, bali zile ndogo kabisa, ambazo mmea mzima unakaa juu ya kizibo cha soda na nafasi inabaki. Jani lake ni kama ukucha wa mtoto mchanga. Ua likichanua halizidi punje ya mchele, na Baba alikuwa akilitazama kwa kioo cha kukuzia huku amezuia pumzi. Hazikai kwenye udongo. Alizifunga kwa uzi wa nailoni juu ya vipande vya magome, mizizi ikining'inia nje, akavitundika vipande hivyo kwenye wavu wa waya alioupigilia ukuta mzima wa bafu, kuanzia dirishani hadi juu ya sinki. Alichagua bafu kwa sababu ya mvuke. Tukioga maji ya moto, okidi zilistawi. Tukioga ya baridi, alituuliza kwa nini tunataka kuziua.

Mtaani walimwita Nyundo. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, na gari likiletwa kwake limebonyea kama chungwa lililokamuliwa, alilipiga kutwa nzima mpaka likakubali kuwa gari tena. Alikuwa fundi kwelikweli, hilo simnyimi. Okidi yake ya kwanza ilimfuata huko huko gereji. Tawi la mti liliangukia paa la gari la mteja, na gari likaja na tawi lake juu, na kwenye gome la tawi kulikuwa na kijimea ambacho mtu mwingine angekikwangua pamoja na uchafu. Baba alinyoosha paa, akakata kile kipande cha gome, akakileta nyumbani kwenye mfuko wa shati. Mama alisema kwamba usiku ule aliongea naye vizuri kuliko siku ya harusi yao.

Kijimea hicho hakikuwahi kutoa ua. Baba alipata vingine, akabadilishana na watu, akajifunza kupandikiza kwa kibano na kijiti cha meno, akakinga maji ya mvua kwa sababu ya bomba yana dawa. Vingine vyote vilichanua. Kile cha kwanza kilikaa tu juu ya gome lake, kijani, kigumu, kimya. Ndicho alichokipenda kuliko vyote.

Mimi na Mama tuliijua sheria ya bafu kabla ya yeye mwenyewe kuijua. Sauti ya Baba ikianza kushuka, maana alikuwa akishusha sauti kabla ya kupiga, hakuipandisha, Mama alichukua taulo na kusema, "Ngoja nikaoge." Alikuwa akioga asubuhi, akioga mchana, akioga chakula kikiwa mezani. Majirani walimtania kwamba atayeyuka kama sabuni. Mama alicheka nao, mkono wake wa kushoto ukiwa umepinda pale kwenye kiwiko ulipounga vibaya. Baba alikuwa akimfuata hadi mlangoni pa bafu, anasimama kizingitini anahema, anautazama ule wavu, na polepole mabega yanashuka. Mwisho anachukua chupa ya kunyunyizia. Mama anakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea na nguo zake zote mwilini, na mume wake ananyunyizia maua juu ya kichwa chake.

Sikio langu la kulia liliondoka kwa sababu ya sheria nyingine. Nilikuwa bado msichana wa shule. Nilichomoa kipande kimoja kwenye wavu nikakipeleka dirishani nikione vizuri, nimekishika kwa mkono mmoja. Kikonyo cha okidi hizi ni chembamba kama unywele, na ukiibeba kwa mkono mmoja, mtikisiko wa kutembea tu unatosha. Ua likakatika, likaanguka kwenye sinki. Baba alikuwa mlangoni.

"Mikono miwili," alisema, kwa upole kabisa. "Mmoja chini, mmoja ubavuni. Hivi." Akanipokea, mmoja chini, mmoja ubavuni, akautundika mmea mahali pake. Kisha akanitoa nje hadi kwenye ujia, akafunga mlango wa bafu ili maua yasitikisike, ndipo akanipiga. Daktari alisema ngoma ya sikio imepasuka. Baba alisema nilianguka kutoka kwenye ngazi, na nyumba yetu haikuwa na ngazi.

Mama aliwahi kuondoka. Alifika hadi kituo cha basi na begi lake. Baba alitoka gereji na mafuta mikononi, akamrudisha kwa kumvuta nywele barabara nzima, mchana kweupe, na watu wakasogea pembeni kuwapisha. Mzee mmoja alimwambia Baba, "Taratibu, bwana," kama mtu anayemwongoza dereva kurudi nyuma. Basi. Tangu siku hiyo ufunguo wa mlango wa mbele ulikaa mfukoni mwa Baba, na Mama akaacha kuzungumzia safari.

Utaniuliza na mimi nilikuwa wapi. Nilikuwa nakua. Nikajifunza kazi ya vioo, nikaajiriwa kwenye karakana ya kukata madirisha na kutengeneza makabati ya maduka, nikabaki nyumbani kwa sababu nisingeweza kumwacha yule mwanamke peke yake na beseni. Nilimchukia Baba kwa chuki ambayo ilinitisha, kwa kuwa niliijua inakotoka. Siku moja mfanyakazi mwenzangu alinishika kiuno, nikampasua mdomo kwa kiwiko, na nilipomwona ameinama anatema damu nilitamani ainuke nimwongeze. Nilimsimulia Mama nikidhani atafurahi. Aliitazama mikono yangu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Aliyeharibu mambo, bila kujua, ni Mwalimu. Alikuwa jirani yetu, mstaafu, mjane, mpole, naye alikuwa na okidi zake kwenye kibaraza. Alikuja mara kwa mara kutazama za Baba. Aliketi kwenye ukingo wa beseni, pale pale pa Mama, akavaa miwani na kusema, "Bwana Nyundo, mikono yako ni ya ajabu. Mtu anayeweza kushika kitu kidogo namna hii bila kukiumiza, huyo ana moyo." Mama alikuwa mlangoni na sinia la chai. Nakumbuka vikombe vilivyogongana.

Siku moja Mwalimu akaongeza utani. "Lakini kweli, bwana, maua ya kifalme namna hii yanaishi na miswaki?"

Wakacheka wote wawili. Mgeni alipoondoka, Baba akaniita. Alitaka kabati la kioo la kuwekwa sebuleni, la urefu wa mtu, lenye feni ndogo na taa na trei ya maji chini ya kuleta unyevu. Okidi zote zihamie humo. Bafu libaki bafu.

Jikoni Mama alinishika mkono kwa nguvu. "Usilitengeneze."

"Nisipolitengeneza ataenda kwa fundi mwingine."

"Basi chelewa, mwanangu. Chelewa uwezavyo."

Nikachelewa. Nikasema kioo kimekwisha, nikasema gundi ya silikoni iliyoletwa ni mbovu, nikasema kikatio kimekuwa butu. Wakati huo huo, kule bafuni, kile kijimea cha kwanza kikatoa kikonyo. Kikonyo kikatoa kitumba. Baba hakulala. Akaja karakanani kwetu, akasimama nyuma yangu akiwa amekunja mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Malizia." Nikakata, nikaunganisha, nikang'arisha. Ilikuwa kazi nzuri, potelea mbali. Hata hasira yangu haikuweza kukata kioo vibaya.

Tulihamisha Jumapili asubuhi. Baba alikuwa na furaha hadi akapiga mluzi. Alipita kwenye ujia mara nyingi, kipande kimoja kimoja, mikono miwili, hatua za mtu anayebeba bakuli la mchuzi lililojaa. Cha mwisho kilikuwa kile cha kwanza. Kitumba kilikuwa kimefunguka asubuhi hiyo, na hata mimi nilisogeza jicho kulitazama. Ua lilikuwa jeupe, na katikati lilikuwa na rangi ya damu mbichi, tone dogo kuliko ncha ya sindano. Mwalimu alikuwa amealikwa kuja adhuhuri kuliona.

Mama alikuwa amesimama mlangoni pa bafu anautazama ule wavu mtupu. Kisha akafanya kosa. Hakuna mwanamke mwingine duniani ambaye angelifanya kosa hilo, kwa kuwa kwa mwingine yangekuwa maneno ya kawaida tu.

"Baba watoto," alisema. Mtoto nilikuwa mimi peke yangu, lakini ndivyo alivyomwita tangu walipokuwa bado na matumaini. "Huachi hata moja bafuni? Moja tu."

"La nini?"

"Nimeyazoea."

Baba alifunga mlango wa kabati. Mtu anayeweza kusikia kwa vidole bati limebonyea wapi si mjinga. Nilimwona akiufikiria wavu, taulo, beseni, miaka yote ile ya kuoga. Nilimwona anafika kwenye jibu.

"Kumbe," alisema, na sauti ikashuka. "Kumbe mlikuwa mnajificha nyuma ya maua yangu. Wewe na huyu. Mnanifanya mimi mjinga nyumbani kwangu."

"Hapana, mume wangu."

"Mnanicheka."

Kofi la kwanza lilimfikisha Mama ukutani. La pili lilikuwa ngumi. Akaokota taulo kutoka kwenye kiti, nadhani hata hakujua ameliokota, akakimbilia bafuni. Miguu yake ndiyo iliyoamua. Baba akamfuata hadi kizingitini, akasimama kama alivyozoea, anahema, akainua macho ukutani. Hapakuwa na kitu ila waya na misumari. Akaingia.

Nilisikia kichwa cha Mama kikigonga sinki. Nilipofika alikuwa amemkamata nywele na kumpigiza tena, na sinki jeupe lilikuwa na alama nyekundu. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata shingo hadi nikahisi chumvi. Akanikamata mkono, akanitupa kama anavyotupa bampa bovu, nikaangukia ule wavu, na misumari ikanichana kuanzia bega hadi kiunoni. Sikusikia maumivu. Nilisikia hasira tu, na nilifurahi kuisikia, nasema kweli. Nikakimbia sebuleni. Sanduku lake la zana lilikuwa pale alipokuwa akifunga feni. Nikachukua nyundo yake, ile ya kichwa cha mviringo, nikarudi nayo nimeiinua.

"Mwachie!"

Baba aligeuka, bado amemshika. Aliiona nyundo juu ya kichwa chake akatabasamu. Sijui kama aliwahi kunitazama kwa upendo kiasi kile.

"Piga," alisema. "Piga, tuone kama kweli wewe ni wangu."

Ningepiga. Mkono ulikuwa umeshaanza kushuka. Kilichonizuia ni jicho la Mama, lile moja lililokuwa bado wazi, likiutazama mkono wangu kama lilivyoutazama siku ile ya yule mfanyakazi mwenzangu. Nikageuka nikaenda sebuleni. Kabati lilikuwa linawaka taa, zuri, safi. Nilikikata kioo hicho mwenyewe, nilijua kilipo dhaifu. Nikapiga kwenye pembe.

Lilishuka lote kwa mara moja, na baada ya mlio wa kioo nikasikia mlio mwingine kutoka bafuni, mlio wa mtu anayechomwa. Baba alimwangusha Mama akaja. Nikapiga tena. Nikapiga trei, feni, rafu za juu na za chini, na magome yakaruka sakafuni na vimea vyake, na nikavikanyaga. Miaka yake yote nilikuwa naikanyaga kwa viatu vya kazi na sikuona huruma. Alipofika nilikuwa nimebakiza kimoja, kile cha kwanza. Nilikuwa nimekishika kwa mkono mmoja.

Baba alisimama ghafla hata akateleza juu ya vioo. Kikonyo kilikuwa kinatetemeka na lile ua jeupe juu yake.

"Mikono miwili," alinong'ona. "Mwanangu. Mikono miwili, tafadhali."

Mama akatokea kwenye ujia akijishikilia ukutani. Jicho moja lilikuwa limefumba, midomo imepasuka, na damu ilikuwa inashuka kutoka kwenye nywele hadi kwenye kola ya gauni. Alipita kando ya Baba kana kwamba anapita kando ya kiti.

"Nipe," aliniambia.

Akakipokea mmoja chini, mmoja ubavuni, hata ule mkono uliopinda ukajua kazi yake. Akakiinua mbele ya kifua. Kisha akamgeukia mume wake akasema neno moja.

"Fungua."

Akafungua. Alitoa ufunguo mfukoni kwa mkono uliokuwa na nywele za Mama katikati ya vidole, akakosea tundu, akajaribu tena. Tukatoka. Mimi nilikuwa na nyundo, mgongo wangu unavuja, sina begi, sina chochote. Baba alikuwa anatembea kinyumenyume mbele ya Mama, ameinama, mikono imetandazwa chini ya ua ili likianguka alidake.

"Taratibu. Hapo kuna jiwe. Jua, Mama, jua litalichoma. Lisogeze kivulini. Nakuomba."

Mama alisimama getini. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia Baba akimwambia mtu nakuomba, na nadhani yeye pia hakuwahi. Alimtazama usoni kwa lile jicho moja, akamtazama kwa muda, akitafuta. Baba hakumwona. Macho yake yalikuwa juu ya ua.

Hapo nilielewa tumefikia wapi. Tukiendelea nalo, atatufuata hadi mwisho wa dunia, na ua litanyauka njiani, na likinyauka tumekwisha. Mama alielewa kabla yangu. Alisogea karibu naye, karibu kabisa, mahali ambapo ngumi haihitaji hata kunyooshwa.

"Pokea," alisema.

Baba akanyoosha mkono mmoja, wa pili ukabaki umekunjwa ubavuni. Niliuona ule wa pili. Nikaikamata nyundo kwa nguvu.

"Mikono miwili, baba watoto," Mama alisema kwa upole kabisa.

Mkono wa pili ukakunjuka. Ukaja chini ya gome, taratibu, kama ulivyozoea. Mama akamwachia. Akajifuta damu kwa kiganja, akanishika mkono, tukaanza kutembea kuelekea barabarani.

Nilidhani kwamba atalitupa. Kama angelitupa, angetukamata kabla ya duka la kona. Sikutaka kugeuka lakini niligeuka. Alikuwa amesimama katikati ya njia, anazunguka pale pale akitafuta pa kuliweka. Chini palikuwa na kokoto na jua. Juu ya ukuta palikuwa na vipande vya chupa. Ndani hapakuwa na mahali pasipo na vioo. Midomo yake ilikuwa inatutukana, na mikono haikusogea.

Mwalimu alikuwa anakuja upande wetu, shati limepigwa pasi, kioo cha kukuzia mkononi. Alituona. Alimtazama Mama kuanzia kwenye nywele hadi kwenye kola. Uso wake ulizeeka mbele yetu. Mama hakumsalimu, wala hakupunguza mwendo.

"Mwalimu!" Baba aliita. "Mwalimu, njoo unipokee! Mara moja tu, nimkamate huyu!"

Mwalimu alimwendea. Nilimsikia kwa lile sikio zima, nyayo zake kwenye kokoto, nami nilijua alivyolipenda ua lile. Alifika, akainama, akalitazama kwa karibu. Kisha akakitia kioo chake mfukoni, akaiweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Lishike vizuri, Bwana Nyundo," alisema. "Usije ukaliangusha."